Namna ya kununua saa ya kifahari na vito kwa sonara wa familia, hatua kwa hatua

Ukitaka kununua saa mpya ya bei kubwa au pete ya almasi, anza kwa kumchagua sonara, saa na pete vije baadaye. Watu wengi wanaenda kinyume, wanaona kitu kwenye simu, wanakipenda, alafu ndo wanaanza kutafuta nani anacho kwa bei nafuu, na hapo wanakuwa tayari wameshakubali kuuziwa na yeyote yule. Sasa fikiria, saa ya mekaniki (ya springi, isiyo na betri) utakaa nayo miaka na itahitaji sevisi, pete itahitaji kupanuliwa au kukazwa jiwe, mkufu kikulabu chake kitachoka siku moja, na siku hiyo unataka mtu anayekijua hicho kitu na ambaye jina lake liko pale mlangoni.

Ndo maana mi naliamini sana duka la familia. Anayekuhudumia mara nyingi ndo mwenye mali au mtoto wake, akikwambia "tutakurekebishia" ana uwezo wa kusema hivo papo hapo, hana haja ya kuuliza makao makuu. Na akikuuzia kitu kibovu aibu inakuwa ya nyumba nzima. Lakini tuelewane, neno "familia" kwenye kibao sio cheti. Kuna maduka ambayo babu alikuwa fundi hodari na wajukuu ni wauzaji tu, mali inatoka kwa wasambazaji na matengenezo yote yanapelekwa kwingine. Sio vibaya, ila ni haki yako kujua. Na usidhani familia maana yake ni biashara ndogo, Patek Philippe iko mikononi mwa familia ya Stern toka 1932, na Audemars Piguet iliyoanzishwa 1875 mpaka leo ni ya familia za waanzilishi wake.

Hatua ya 1: Mpime sonara kabla hajakupima kidole

Nenda mara ya kwanza bila nia ya kununua na umwambie wazi kabisa kwamba leo unaangalia tu. Angalia anavyokupokea. Sonara mzuri hapo ndo anachangamka, anakutolea vitu, anakueleza tofauti, anakuachia ushike. Anayebadilika sura au anayekwambia bei hii ni ya leo tu kesho haipo, huyo muage kwa heshima.

Alafu muulize mambo haya, sio lazima kwa mpangilio huu. Hii pete ikilegea jiwe, nani atalikaza, na anafanyia hapa dukani au inapelekwa nje? Kama inapelekwa nje, inakaa muda gani na ikipotea njiani nani analipa? Naweza kuona benchi la fundi? Naweza kuangalia jiwe mwenyewe kwa kioo cha kukuzia mara 10? Kwenye risiti mnaandika nini hasa? Nikirudisha ndani ya siku kadhaa inakuwaje? Sikiliza majibu yake ya swali la matengenezo kuliko yote, maana mtu anayejua kazi atakujibu kwa undani, atakutajia na mipaka yake, atasema hii tunaweza hii hatuwezi. Anayejibu "usijali, kila kitu kinawezekana" hajakujibu.

Dalili nzuri kuliko zote ni pale anapokuonyesha kasoro kabla hujauliza. Mtu anayekwambia "hili jiwe lina doa hapa pembeni, ila kucha ya pete, haka kameno kanakoshika jiwe, inalifunika" anakuuzia ukweli, na huyo ndo wa kurudi kwake.

Kwa upande wa saa kuna swali moja la nyongeza na ni la lazima: nyinyi ni wakala rasmi wa brandi gani? Usiishie kwenye jibu lake. Brandi kubwa zote zina orodha ya mawakala wao kwenye tovuti zao, ingia pale uone jina la duka na anwani yake. Duka linaweza kuwa la kuaminika kabisa kwenye dhahabu na almasi na bado likawa halina uwakala wa saa unayoitaka. Hapo saa inaweza kuwa orijino lakini imepitia mlango wa pembeni, na waranti ya kiwanda inaweza isikuhusu au ikawa imeshaanza kuhesabiwa kwa jina la mtu mwingine.

Hatua ya 2: Jua utaivaa wapi na bajeti igawe

Kabla ya kuongea bei jiulize kitu hiki utakivaa kila siku au mara chache. Anayefanya kazi za mikono, anayenawa mikono mara mia kwa siku kama manesi na madaktari, anayelea mtoto mchanga, hao haiwafai pete yenye jiwe lililonyanyuka juu, itakwama kwenye glavu, nguo na nywele. Wao waombe jiwe lililozungushiwa ukingo wa dhahabu pembeni, halikwami na halidondoki kirahisi. Kwenye saa ni vivyo hivyo, saa nyembamba ya mkanda wa ngozi haipendi jasho wala maji.

Bajeti yako usiimalize yote kwenye kitu chenyewe. Acha fungu la bima, fungu la kupima saizi au kupunguza cheni, na kama ni saa ya mekaniki, fungu la sevisi ya baadaye, maana sevisi ya saa ya kifahari sio hela ya mchezo.

Na usinunue kwa sababu umeambiwa bei itapanda. Kuna modeli chache sana za saa ambazo zimewahi kuuzwa mitumba kwa bei juu ya ile ya dukani, nyingi zinashuka thamani siku unayotoka nazo mlangoni. Pete ya almasi ukirudi kuiuza utapewa pungufu sana ya uliyolipa. Nunua kwa sababu unaipenda na unaimudu.

Hatua ya 3: Isome dhahabu

Dhahabu safi ni karati 24, ni laini mno kwa pete ya kila siku, kwahiyo inachanganywa na shaba, fedha, paladiamu au nikeli. Karati 22 ni asilimia 91.6 dhahabu, karati 18 ni asilimia 75, karati 14 ni asilimia 58.5, karati 9 ni asilimia 37.5. Muhuri wake kwa ndani utakuta 916, 750, 585 au 375. Fedha nzuri ni 925, platinamu mara nyingi ni 950. Ukiona herufi GP au GF ujue dhahabu iko juu tu kama ngozi, ndani ni chuma kingine, na vermeil ni fedha iliyopakwa dhahabu. Muhuri peke yake mtu yeyote anaweza kuugonga, kwahiyo kwa vitu vikubwa mwambie sonara aipime mbele yako, wengi siku hizi wana mashine ya eksirei inayosoma mchanganyiko wa madini bila kukwaruza. Sumaku inasaidia kukamata feki ya kizembe tu, shaba nayo haivutwi na sumaku.

Sasa hesabu ambayo kila mnunuzi anatakiwa kuijua. Weka kitu kwenye mzani, toa uzito wa mawe (karati moja ya jiwe ni gramu 0.2), kilichobaki zidisha kwa usafi. Pete ya gramu 6 ya karati 18 ina dhahabu safi gramu 4.5. Bei ya dunia ya dhahabu inatajwa kwa aunsi ambayo ni gramu 31.1, igawanye upate ya gramu moja, zidisha, hapo umepata thamani ya dhahabu iliyomo. Tofauti kati ya hiyo na bei unayoambiwa ni mawe, kazi ya fundi, kodi, kodi ya pango la duka na faida. Usiende kumtupia sonara hiyo hesabu usoni kana kwamba anakuibia, kazi ya mkono ya siku kadhaa ina bei yake na inastahili kulipwa. Ila ukiijua utaelewa kwanini mkufu wa kiwandani usio na kazi yoyote ya maana haufai kuuzwa mara tatu ya dhahabu yake, wakati pete iliyochongwa kwa mkono inaweza kufika huko kwa haki kabisa.

Dhahabu nyeupe inahitaji neno lake. Ule weupe mkali unaouona dukani mara nyingi ni rodiamu iliyopakwa juu, ikivaliwa inafifia na umanjano unaanza kuchungulia, inabidi ipakwe tena. Muulize sonara anatoza nini kwa hiyo kazi au kama ya kwanza ni bure. Muulize pia kama mchanganyiko una nikeli, maana wapo wanaotokwa na vipele kwa nikeli, wao watafute ya paladiamu au waende platinamu. Platinamu ni nzito zaidi, nyeupe yake ni ya asili haifutiki, mikwaruzo inaipata lakini madini yanasogea tu hayapotei kama kwenye dhahabu.

Hatua ya 4: Almasi na mawe mengine

Almasi inapimwa kwa vitu vinne, ukataji, rangi, usafi na uzito. Watu wanakimbilia uzito kwa sababu ndo unaotajika kirahisi, lakini mi nakwambia hela yako weka kwenye ukataji kwanza. Jiwe lililokatwa vizuri linarudisha mwanga machoni kwako, lililokatwa vibaya linauvujisha chini na pembeni, linabaki kama kipande cha kioo hata kama ni kubwa. Na kuna ujanja mmoja wa wakataji, wanaliacha jiwe nene kwa chini ili lifike karati moja kamili, unalipia uzito ambao ukitazama juu hauuoni. Almasi ya mviringo ya karati moja iliyokatwa vizuri ina upana wa karibu milimita 6.5. Ukiambiwa karati moja na upana ni 6.0, uzito umefichwa tumboni.

Rangi inaanza D, isiyo na rangi kabisa, inashuka mpaka Z yenye umanjano. Tofauti ya D na F kwa macho ya kawaida huioni ukishalivaa, na kama pete ni ya dhahabu ya njano hata J inapendeza maana njano ya dhahabu inameza njano ya jiwe. Usafi unaanza FL, isiyo na doa hata kwa kioo cha kukuzia, unapita VVS, VS, SI mpaka I yenye madoa mengi zaidi, na kwenye herufi zilezile 1 ni safi kuliko 2. Lengo lako liwe jiwe ambalo kwa macho matupu huoni doa, mara nyingi VS2 inatosha na baadhi ya SI1 zinatosha pia, ila SI1 liangalie mwenyewe, usinunue kwa karatasi tu, kwa sababu doa jeusi katikati ya uso na doa jeupe pembezoni yanaweza kupewa alama ileile. Kwa maumbo ya mstatili yenye ngazi ngazi panda daraja moja juu, yale yanaonyesha kila kitu kama dirisha.

Kwa jiwe kubwa dai cheti cha maabara inayojitegemea. GIA ya Marekani, iliyoanzishwa 1931, ndo iliyoeneza hiyo mizani ya D mpaka Z, na ukataji wa almasi za mviringo imekuwa ikiupa daraja toka 2006. Namba ya cheti ingiza kwenye tovuti yao uone kama inalingana, alafu muombe sonara akuonyeshe kwa kioo cha kukuzia, mara nyingi ile namba imeandikwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe. Fanya hivyo jiwe likiwa mbele yako, na ukija kuchukua pete iliyokamilika rudia tena. Hamna haja ya kuona aibu, sonara anayejiheshimu anakufanyia bila kuombwa.

Angalia jiwe kwenye mwanga zaidi ya mmoja. Taa za dukani zimewekwa makusudi zifanye kila kitu kimetemete, sogea dirishani, kaa kivulini, weka kiganja juu yake uone kama bado lina uhai.

Almasi za maabara ni almasi kweli, kikemia ni zilezile, zinatengenezwa kwa shinikizo na joto kali au kwa kujengwa tabaka kwa tabaka kutoka kwenye gesi. Kioo cha kukuzia hakitofautishi na vile vikalamu vya kutambua almasi kwa joto vitasema ni almasi, inahitajika mashine maalum. Bei zake zimeshuka sana na hazijaonyesha dalili ya kurudi juu, kwahiyo zinafaa kwa anayetaka jiwe kubwa la kuvaa, ila usiilipie bei ya ile ya ardhini na hakikisha risiti imeandika wazi "ya maabara". Moisanaiti, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, ni kitu kingine kabisa, inaweza kukidanganya kikalamu cha joto, lakini ukiichungulia kwa pembeni na kioo utaona mistari ya nyuma imekuwa miwili miwili. Kama asili ya almasi ya ardhini inakugusa, muulize sonara ananunua wapi na ana karatasi gani, mpango wa kimataifa wa Kimberley ulioanza 2003 unahusu almasi ghafi zinazofadhili waasi, haujibu kila swali kuhusu mazingira ya wachimbaji.

Mawe ya rangi swali kubwa ni limefanyiwa nini. Yakuti nyekundu na ya bluu nyingi zimepikwa kwa joto, hilo linakubalika duniani kote likiwekwa wazi, na ile isiyopikwa ina bei yake ya juu. Kitu cha kukimbia ni yakuti iliyojazwa kioo cha risasi kwenye nyufa, inaonekana nzuri kwa bei ya ajabu, alafu fundi akiiwekea moto au ikiguswa na tindikali hata nyepesi inaharibika. Zumaridi karibu zote zinapakwa mafuta kwenye nyufa, uliza ni kidogo au ni mengi. Tanzanaiti, iliyojulikana 1967 na inayochimbwa Merelani peke yake, ni laini, ugumu wake ni kati ya 6 na 7 wakati almasi ni 10, kwahiyo inakaa vizuri kwenye hereni na kidani kuliko kwenye pete ya kila siku. Lulu ni laini zaidi ya hapo, na karibu zote zinazouzwa leo ni za kufugwa, hilo sio kasoro.

Hatua ya 5: Saa

Amua kwanza unataka mashine gani. Saa ya betri ina kipande cha kwatzi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde, inapotea sekunde chache tu kwa mwezi na haitaki shughuli nyingi. Saa ya mekaniki inaendeshwa na springi, ama unaitia ufunguo kwa mkono ama inajitia yenyewe mkono ukitembea, na itapotea sekunde chache kila siku hata ikiwa mpya na nzima. Kipimo cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, kinaruhusu kati ya kuchelewa sekunde 4 na kuwahi sekunde 6 kwa siku, Rolex wanajiwekea 2 huku na 2 kule. Anayetaka usahihi tu achukue ya betri. Anayenunua mekaniki anapenda ile kazi ya mkono iliyomo ndani, na akubali tabia zake.

Maneno "Swiss Made" yana sheria nyuma yake. Toka 2017 angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa lazima iwe imefanyika Uswisi, mashine iwe ya Uswisi, na iingizwe kwenye ganda na kukaguliwa kule. Haina maana kwamba kila kipande kimetoka huko. Na usidharau Japani wala Ujerumani, Grand Seiko na A. Lange & Söhne wanamaliza saa zao kwa ubora ambao wengi wa Uswisi hawafiki.

Maji ndo yanaua saa nyingi. Imeandikwa mita 30 sio kwamba unazama nayo mita 30, hiyo ni ya mvua na kunawa. Kuogelea anza na mita 100, na kitufe cha pembeni kiwe cha kukaza kwa kuzungusha, alafu hakikisha umekikaza. Saa ya wapiga mbizi halisi inafuata kiwango cha kimataifa cha ISO 6425. Bafu la maji ya moto na mvuke epuka hata kama ni ya mita 300, raba za kuzuia maji zinachoka kwa joto na sabuni.

Ukishaipenda ivae. Wote wanaangalia upana wa uso, lakini kinachoamua ni urefu kutoka pembe ya juu ya mkanda mpaka ya chini, hizo pembe zikizidi upana wa mkono wako saa itaonekana imeazimwa. Kaa nayo mkononi dakika kumi ukiwa unaongea, kunja mkono, iingize chini ya mkono wa shati. Kama ni ya cheni, sonara aipunguze pale pale na akupe pingili zote alizotoa, hizo ni mali yako na siku moja utazihitaji.

Kabla ya kulipa kagua hivi: zungusha kitufe usikie kama kinakwaruza, badilisha tarehe (usifanye hivo mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, meno ya tarehe yanakuwa yameshikana na unaweza kuyavunja), angalia kama kuna vumbi chini ya kioo, linganisha namba ya saa na ile ya kwenye kadi. Kadi ya waranti ijazwe siku hiyohiyo, tarehe na jina la wakala. Kadi iliyoachwa wazi bila tarehe usiipokee. Rolex na Omega wanatoa miaka 5, IWC na Cartier wanatoa 2 na ukijisajili mtandaoni inaongezwa mpaka 8, kwahiyo usajili fanya wiki hiyohiyo.

Hatua ya 6: Bei na foleni

Kwenye saa mpya za brandi kubwa bei inapangwa na kiwanda na sonara nafasi yake ni ndogo, kwenye vito anavyotengeneza mwenyewe ana nafasi zaidi. Badala ya kuvutana kwenye bei tu, omba vitu ambavyo kwake ni rahisi na kwako vina thamani: kupanua pete bure mara moja, kupaka rodiamu mara ya kwanza, ukaguzi wa kila mwaka, mkanda wa pili, kuchonga herufi. Lipa kwa namna inayomsaidia kama unaweza, kadi zinamkata makato, ila hela isitoke bila risiti.

Kuna modeli utaambiwa hazipo, kuna orodha. Ni kweli, baadhi ya saa wakala anapewa chache kwa mwaka na anachagua nani ampe. Kwa sonara wa familia huko kufahamiana kunasaidia, mwambie wazi modeli unayoitaka na kwanini, pita kumsalimia, kuwa mkweli kwamba unaivaa mwenyewe. Lakini usinunue kidani usichokihitaji ili usogezwe mbele kwenye foleni, hakuna anayekuandikia hiyo ahadi, na ukijumlisha hela za vitu hivyo saa inakuwa imekutoka kwa bei ambayo usingekubali ungeambiwa mapema.

Hatua ya 7: Ukitengenezewa chako

Hapa ndo sonara wa familia mwenye benchi lake anapopendeza. Peleka picha, eleza, aje na mchoro, wengi wanakuonyesha kwa kompyuta na wengine wanakuchongea mfano wa nta ushike kabla dhahabu haijayeyushwa. Kagua kwenye mfano, sio baada. Mkubaliane kwa maandishi karati ya dhahabu, uzito wa makadirio, jiwe lipi kwa namba ya cheti, tarehe, depoziti, na itakuwaje usipoipenda. Ukitumia dhahabu yako ya zamani ipimwe mbele yako, uzito na karati, na upewe karatasi. Ukileta jiwe lako mwenyewe, lipigwe picha na lichorwe kasoro zake kabla ya kuliacha, na muulize likipasuka wakati wa kulipachika nani anabeba hasara, wengi hawabebi na ni vizuri kujua kabla.

Saizi ya kidole pima jioni mwili ukiwa na joto la kawaida, vidole vinavimba na joto na kusinyaa na baridi. Pete pana inataka saizi kubwa kidogo. Pete iliyozungukwa mawe pande zote haipanuliki kirahisi, kwahiyo hiyo usikosee.

Hatua ya 8: Makaratasi

Risiti isiyoandika kitu ni kama hamna. Iwe na karati ya dhahabu, uzito, uzito na aina ya mawe, kama ni ya ardhini au maabara, kama yamepikwa au kujazwa, namba ya cheti, na kwa saa modeli na namba yake. Omba na karatasi ya thamani kwa ajili ya bima, na iwe ya ukweli. Wapo wanaokuandikia thamani mara mbili ya uliyolipa ili ujisikie umepata dili, matokeo yake unalipa bima ya juu kwa miaka na siku ya hasara kampuni inakununulia mbadala kwa bei yao. Piga picha kila kitu, pande zote, pamoja na mihuri na namba, hifadhi mbali na vitu vyenyewe.

Hatua ya 9: Kuvaa na kurudi

Vito vaa mwisho baada ya mafuta na manukato, vua kwanza ukirudi. Klorini ya bwawa la kuogelea inaila dhahabu taratibu hasa yale makucha membamba, vua. Almasi safisha kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini ya vyombo na mswaki laini, ila ziba sinki kwanza. Zumaridi, tanzanaiti, opali na lulu zisiingie kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo kabisa. Kila kitu kwenye kimfuko chake maana almasi inakwaruza kila kinachoigusa.

Saa ikianza kukimbia ghafla dakika nzima kwa siku usiogope, mara nyingi imeshika sumaku kutoka kwenye spika au kifungo cha mkoba, sonara anaiondoa kwa dakika chache. Sevisi kamili Omega wanasema kila miaka 5 mpaka 8, Rolex wanasema karibu 10. Ikikaa muda mrefu bila kuvaliwa itie ufunguo mara moja moja. Na mtu akitaka kuipolishi saa yako mkatalie kama hujaomba, kila kupolishi kunakula kona za ganda, andika kabisa kwenye karatasi ya kupokelea "isipolishiwe".

Pete yenye jiwe ipeleke kwa sonara kila baada ya miezi sita au mwaka akaangalie makucha. Kati ya hapo jipime mwenyewe, isogeze sikioni na uigonge taratibu kwa kidole, ukisikia inacheza ivue hapohapo, ifunge kwenye kitambaa na uipeleke hata kama jiwe bado linaonekana limekaa.